Uliza Fundi: Ile leva fupi ya trekta kuukuu

Mwezi huu barua nne zimenijia kutoka pande nne, na zote zinauliza kuhusu kitu kimoja: leva ya pili ya giaboksi, ile fupi yenye alama L (polepole) na H (kasi), inayoamua kama trekta itatambaa au itatembea. Barua za betri na za tairi zingoje mwezi ujao. Hii leva nimeishi nayo tangu nikiwa tanboi kwenye mashamba ya ngano huku Njoro, na nikianza kuizungumzia mke wangu huondoka jikoni.

SWALI: Fundi, natumai u mzima. Marehemu baba alituachia Massey Ferguson 135 na mimi ndiye niliyebaki nyumbani Molo kuitunza. Dereva wetu ni mzee aliyeanza kuendesha trekta kabla sijazaliwa. Yeye hulima kwa H wakati wote, namba moja ya H, na plau ya diski mbili. Anasema L inakula dizeli. Lakini tangu tuanze kutayarisha shamba la viazi trekta inatoa moshi mweusi, na kabla ya saa nne maji yanachemka. Jirani ananiambia ni pampu ya dizeli. Je, nifungue pampu au nitafute dereva mwingine? (Msomaji, Molo)

JIBU: Usifungue pampu, na mzee wa watu umwache kazini. Kwanza fanyeni jambo moja ambalo halina gharama: kesho asubuhi mwambie aweke L, namba tatu, alime mistari miwili mirefu huku wewe ukisimama kando ukitazama moshi. Nadhani utaisha.

Giaboksi ya 135 yako, kama ni ile ya gia sita, ndani ina gia tatu tu za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Nyuma ya hizo gia tatu kuna seti nyingine ndogo, gia zinazozunguka gia ya katikati kama watoto wanaomzunguka mama yao sokoni. Leva fupi ndiyo inayoamua kama mwendo upite moja kwa moja, hiyo ndiyo H, au upitie kwa hao watoto kwanza, hiyo ndiyo L. Ukipitia kwa watoto, mwendo unagawanywa kwa nne. Nguvu ya kuzungusha magurudumu nayo inazidishwa kwa nne, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Ndiyo maana gia tatu zinageuka sita, na ya kurudi nyuma inageuka mbili.

Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, na tairi za kawaida, utapata takriban hivi: L moja ni kilomita 2 kwa saa na kidogo, L mbili kilomita 3, L tatu karibu 6. Halafu unaruka hadi H moja, ambayo ni kama 8 na nusu, H mbili kama 13, na H tatu 23 hivi. Sasa jiulize: plau ya diski inataka mwendo gani? Kati ya kilomita 5 na 7 udongo unageuka vizuri na nyasi zinafukiwa. Kwa 8 na nusu unarusha madongoa, diski zinapanda juu, dereva anazishusha tena, na kila akizishusha injini inalia. Kama humwamini mtu anayeandika kutoka mbali, piga vigingi viwili vyenye umbali wa mita 100 na uchukue saa ya simu. Trekta ikitumia sekunde 60 kutoka kigingi hadi kigingi, hiyo ni kilomita 6 kwa saa. Ikitumia sekunde 40, dereva wako anashindana na matatu.

Kisha kuna jambo la Molo yenyewe. Mko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa ndani, hupoteza kiasi cha asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Piga hesabu: injini yenu, ile Perkins ya silinda tatu iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 45, kwenu inafanya kazi kama ya 34 hivi. Pampu haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga dizeli ile ile, na hewa ya kuiunguza haitoshi. Dizeli isiyoungua ndiyo huo moshi mweusi. Ukiongeza na gia iliyo ndefu, yaani ya kasi mno kuliko kazi, injini inalemewa, inashuka mizunguko, feni na pampu ya maji zinazunguka polepole, na maji yanachemka. Dereva aliyezoea H moja huko Kibos, chini ya mita 1,200, anaweza kuwa sahihi kabisa kule na akakosea kwenu. Muulize mzee alijifunzia wapi. Nitashangaa kama atasema Molo.

Kuhusu dizeli, mzee ana nusu ya ukweli na nisingependa umwaibishe. Kazi ikiwa nyepesi, kama kupiga haro kwenye udongo uliokwisha kulimwa, au kuvuta trela lenye magunia machache barabarani, ni kweli unaweka gia ya juu na kupunguza leva ya mafuta, na tangi linakaa zaidi. Hilo si siri. Shida ni kulichukua na kulipeleka kwenye plau. Kipimo changu ni hiki: trekta ikiwa kazini, sukuma leva ya mafuta mbele kidogo. Injini ikiitikia na kuongeza kasi, bado ina akiba, endelea. Isipoitikia, ikakohoa moshi tu, gia ni ndefu. Simama ushuke moja. Hapo huhitaji kifaa chochote isipokuwa masikio.

Ila sitaki uende upande wa pili ukadhani L ni dawa ya kila kitu. Nikiwa na miaka ishirini na moja, na kiburi cha miaka hiyo, nilifunga mnyororo kwenye kisiki cha mti wa blugamu, nikaweka L moja na kuachia klachi ghafla. Nguvu mara nne, kumbuka, na kisiki hakina habari. Akseli ya kulia ilikatika kama muwa. Nilishukuru kwamba ni akseli, kwa sababu magurudumu ya mbele yalikuwa yameshaanza kunyanyuka, na trekta inayopinduka kinyumenyume haimpi dereva nafasi ya kuruka. Mwenye shamba alinikata mshahara wa miezi miwili. L ni ya mzigo unaosogea. Mzigo usiosogea chimbeni mizizi kwa jembe na shoka kwanza.

SWALI: Nikitoka L kwenda H trekta ikitembea, inasaga meno vibaya. Nimebadilisha oili bado inasaga. Shida ni nini? (Dereva, Bungoma)

JIBU: Shida ni maneno yako mawili, "trekta ikitembea". Simama kabisa, kanyaga klachi, hesabu moja mbili, ndipo uhamishe leva fupi. Ndani hakuna kitu cha kulinganisha kasi ya meno kama kwenye gari. Chuma kinakutana na chuma. Ikisaga hata ukiwa umesimama, klachi haiachii sawasawa, irekebishwe kabla hujanunua spea nyingine. Na mwaga oili hiyo mpya kwenye sufuria safi uone kama ina chembe za chuma. Ukikuta kipande kinachofanana na jino, usiiwashe tena.

SWALI: Fundi, habari ya siku nyingi. Mjomba wangu anaishi Marekani, na mwaka jana alituma kontena la vitu vya kanisa letu hapa Kisumu. Ndani kulikuwa na katrekta kadogo kekundu kanakoitwa Wheel Horse C-120, na kana mashine ya kukata nyasi na ya kuchimba udongo. Karatasi inasema kana gia nane. Mimi nimehesabu tatu na rivasi. Je, mjomba aliuziwa kitu kibovu? Na nitumie gia gani kwa nyasi za uwanja wa kanisa, na gani kwa bustani ya nyanya ya akina mama? (Kijana wa kanisa, Kisumu)

JIBU: Omera, mjomba hakuibiwa. Nilitabasamu niliposoma barua yako kwa sababu wengi huanguka kwenye shimo hilo. Watengenezaji wa Wheel Horse, ambao walianzia South Bend, jimbo la Indiana, baadaye wakanunuliwa na kampuni ya Toro mwaka 1986, walikuwa wakihesabu na za kurudi nyuma. Tatu za mbele na moja ya nyuma, mara mbili kwa leva fupi ya H na L: sita mbele, mbili nyuma, jumla nane. Itafute leva hiyo fupi karibu na kiti. Huenda imejaa kutu, au mtu alidhani ni ya kitu kingine. Usiipige nyundo. Isukume polepole huku trekta ikisogezwa kwa mkono mbele na nyuma kidogo ili meno yapate kukutana. Injini iwe imezimwa.

Elewa kwanza katrekta hako kalitengenezwa kwa kazi gani. Kule kwao mtu mwenye kiwanja chake alikatumia kukata nyasi wakati wa joto, kuchimba bustani majira ya kupanda, na kusukuma theluji wakati wa baridi. L ilikuwa ya theluji na ya kuchimba. H ya nyasi na ya kuzungukazunguka. Wewe theluji huna, lakini una nyasi za Kisumu baada ya mvua za Aprili, ambazo naziona zina ukaidi unaokaribia huo.

Jambo ambalo vijana wengi hukosea kwenye trekta ndogo ni kupunguza mafuta ili iende polepole. Usifanye hivyo. Injini yake ya Kohler inapozwa kwa hewa, na hewa hiyo inasukumwa na feni iliyo kwenye injini yenyewe. Ukipunguza mizunguko wakati kazi ni nzito, unapunguza na upepo, injini inaungua. Visu vya nyasi navyo vinategemea kasi hiyo hiyo ya injini. Vikizunguka polepole havikati, vinalaza nyasi tu, na kesho yake zimesimama tena kama hazikuguswa. Kwa hiyo leva ya mafuta iache juu, mwendo uuchague kwa gia. Ndiyo sababu ya kuwa na gia sita kwenye kitu kidogo vile.

Nyasi ndefu zilizofika magotini: L namba tatu, na kama injini bado inanguruma kwa shida, L mbili, ukiinua visu juu kwanza, halafu urudie mara ya pili ukiwa umeviteremsha. Nyasi za kila wiki: H moja, au H mbili uwanja ukiwa tambarare. H tatu ni ya kutoka kanisani hadi stoo, visu vikiwa vimezimwa. Nyanya za akina mama: L moja, hakuna mjadala. Mashine ya kuchimba inatakiwa ilikate donge mara nyingi kabla ya kusogea, na L moja inatembea kama kobe aliyeshiba. Ukienda kwa kasi, meno yanapanda juu ya udongo na kuisukuma trekta mbele, na hapo utajikuta kwenye ua wa jirani. Ikiwa udongo wenu ni ule mweusi wa uwanda wa Kano, ngoja ukauke hadi ukiufinyanga mkononi upasuke. Ukiwa mbichi unageuka matofali, na gia yoyote haitakusaidia.

Kabla ya yote hayo, toa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Matrekta haya yana ugonjwa mmoja unaojulikana: ile raba iliyo chini ya leva ya gia hupasuka kwa uzee, mvua inaingia, na oili inageuka kama chai ya maziwa. Na hako kamevuka bahari. Ukikuta rangi ya chai, mwaga yote, weka oili nzito ya gia, endesha kidogo, mwaga tena, kisha ujaze mara ya mwisho. Raba ya mpira wa ndani wa gari iliyokatwa vizuri na kufungwa kwa waya inatosha mpaka mjomba atume nyingine.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nafuga ng'ombe Subukia na nalima mahindi upande wa mteremko. Nimeonyeshwa Massey Ferguson 135 mbili za kununua. Moja ni ya kawaida ya gia sita. Ya pili ina kitu kinachoitwa Multi-Power, kiswichi tu unabonyeza gia inabadilika bila klachi, na muuzaji anasema ina gia kumi na mbili. Anataka pesa zaidi kwa hiyo ya pili. Kijana wangu ameipenda sana. Nichukue ipi? (Mama wa Subukia)

JIBU: Marahaba, mama. Chukua ya gia sita. Mpe kijana wako barua hii aisome mwenyewe, asidhani ni wivu wa wazee.

Multi-Power ilianza kuonekana kwenye Massey Ferguson mwaka 1962, na kwa mtu anayelima tambarare ni kitu kizuri. Sisemi hivyo kwa adabu tu. Ukiwa kwenye mstari ukakutana na kipande kigumu, unageuza swichi, trekta inashuka kidogo bila kusimama, kipande kikiisha unairudisha. Hizo gia kumi na mbili ni zile sita, kila moja ikigawanywa mbili kwa hiyo swichi. Mwanya kati ya L tatu na H moja niliomwambia ndugu wa Molo, hapo unazibwa vizuri.

Lakini ndani yake kuna mtego. Ukiwa upande wa juu wa swichi, mgandamizo wa oili unashika klachi ndogo na kila kitu kimefungwa pamoja. Ukiwa upande wa chini, nguvu inapita kwenye kifaa kinachosukuma upande mmoja tu, kama pedali za baiskeli: ukikanyaga baiskeli inakwenda, ukiacha magurudumu yanaendelea peke yake. Maana yake, ukiwa kwenye swichi ya chini na trela likaanza kukusukuma mteremkoni, injini haikushiki. Hata uwe kwenye L moja. Mtu yeyote aliyezoea trekta ya kawaida atafanya kinyume cha kinachotakiwa: ataona mteremko, atabonyeza chini akidhani anajilinda, na hapo hapo ameachilia kile kilichokuwa kinamshika.

Nimeliona kwa macho yangu, upande wa Mau Narok, dereva wetu akiwa na trela la magunia ya viazi. Alikuwa mwangalifu, hanywi. Alibonyeza swichi chini mwanzoni mwa mteremko. Trela lilimsukuma, likajikunja, trekta ikaishia mtaroni ikitazama kule ilikotoka. Alivunjika mkono, nasi tukaokota viazi hadi magharibi. Usiku ule hakuna aliyeweza kumweleza kosa lake, kwa sababu hakuna kati yetu aliyelijua. Mimi nilikuja kulielewa miaka kadhaa baadaye nilipofungua giaboksi ya namna ile mezani.

Nawe unaishi Subukia, mama, mahali ambapo hata gari dogo linashuka likinusa breki. Kwa trekta ya gia sita utafanya hivi: simama juu kabla ya mteremko, weka gia ambayo ungehitaji kuupanda ukiwa na mzigo huo huo, kisha uteremke nayo, mguu ukiwa mbali na klachi. Kwa barabara zenu na trela lililojaa naona L tatu, na mahali pabaya L mbili. Usibadilishe katikati, kwa sababu ile sekunde leva iko katikati huna gia yoyote, na huenda meno yakakataa kurudi. Ambaye ana Multi-Power tayari na hawezi kuiuza, ateremke na swichi ikiwa juu siku zote, ashushe mwendo kwa leva mbili za kawaida. Na asiiache mteremkoni kwa kutegemea gia hata kidogo. Avute breki ya mkono na aweke jiwe.

Kijana akisisitiza mwende mkaijaribu ile ya pili, mwende mchana, iwe imefanya kazi saa nzima. Oili ikiwa baridi ni nzito na inaficha maradhi. Ikipata moto, geuza swichi juu mkiwa tambarare: inatakiwa ikamate mara moja, uhisi mwili unasukumwa nyuma. Ikisitasita, au ikibaki mwendo ule ule, pampu yake au zile klachi ndogo zimechoka, na kuzifikia ni lazima trekta ifunguliwe na kutenganishwa vipande viwili katikati.

Ile ya gia sita nayo ina jaribio lake. Stata ya 135 haitakiwi kufanya kazi mpaka leva fupi iwe katikati, kati ya H na L. Hakikisha mbele hakuna mtu, weka leva ndefu huru, kanyaga klachi hadi mwisho, weka leva fupi kwenye L, kisha ugeuze ufunguo. Ikikaa kimya, vizuri. Ikiwaka, jua kuna fundi aliyekata waya za swichi ya usalama na kuziunganisha moja kwa moja. Mwonyeshe muuzaji akupunguzie bei, na ikifika nyumbani swichi hiyo irudishwe kabla kijana hajapanda kiti.